Mbwa mkubwa aliyekwisha kufunzwa: tathmini yangu baada ya miezi minane

Mwezi Juni mwaka jana tulinunua mbwa dume wa miaka miwili, chotara wa German Shepherd, kutoka kwa mfugaji na mkufunzi mmoja wa upande wa Mbalizi, hapa Mbeya. Tulimchukua akiwa amekwisha kufunzwa kukaa, kulala chini, kusubiri, kutembea na kamba bila kuvuta, kubweka mtu anapobisha hodi na kunyamaza anapoambiwa. Tulimlipia shilingi 850,000, fedha ambayo kwa familia ya kawaida ya hapa Uyole si ndogo, na ambayo jirani yangu mmoja alinihesabia kwa vidole ni mbolea ya mifuko mingapi. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wanaoniuliza swali lilelile wamekuwa wengi: je, familia ambayo watu wazima wote wanashinda kazini ifanye kama sisi, au ichukue mtoto wa mbwa imlee yenyewe? Jibu langu ni kwamba ichukue mkubwa, ila impime muuzaji kwa namna anavyomkabidhi mbwa, wala si kwa namna anavyomwonyesha, kwa kuwa ni kwenye makabidhiano ndipo fedha yetu nusura ipotee.

Ninaposema familia yenye shughuli nyingi, naeleza ya kwetu ili kila mtu ajilinganishe. Mimi nina duka la nafaka Mwanjelwa, na siku ambazo mzigo wa mchele wa Kyela au Mbarali unaingia hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikarudi saa moja ya usiku. Mume wangu anafanya kazi za zamu, hivyo wiki moja analala mchana na wiki nyingine hayupo. Watoto ni watatu, wa miaka 13, 9 na 6. Anayeshinda nyumbani ni binti anayetusaidia kazi, naye ana jiko, nguo, bustani ya mboga na mtoto wa mwisho wa kumpokea kutoka shule. Nilipokaa na daftari kuhesabu dakika ambazo nyumba nzima ingeweza kumpa mnyama bila kujidanganya, nilipata arobaini kwa siku, na hizo ni pamoja na za kumlisha.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu njia ile nyingine. Tulipewa mtoto wa mbwa wa wiki saba, na kwa furaha ya kumpata hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya kazi yake. Mtoto wa umri huo hula mara nne kwa siku, hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili au tatu, na kipindi chake cha kuzoea watu, sauti na vitu vigeni bila hofu huwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, kipindi ambacho kikimpita hakirudi tena. Sisi kipindi hicho chote tulimfungia kwenye stoo ya mkaa tangu asubuhi hadi jioni. Alitafuna jozi mbili za viatu vya shule, akatafuna waya wa jokofu ambalo kwa bahati halikuwa limechomekwa, na baada ya wiki chache alikuwa anamkimbia kila mtu asiyemfahamu na kuwauma watoto visigino akidhani ni mchezo. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, ambayo huanza katika wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mtoto atimize wiki kumi na sita, tulimpa ya kwanza tu. Ya pili iliangukia siku za mzigo, tukasema wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo ilimkuta akiharisha damu, na siku ya tatu akafia juu ya gunia, mwanangu wa kati akiwa amemshikia bakuli la maji. Simlaumu mtu kwa jambo hilo. Tulichukua kazi ya mtu anayeshinda nyumbani, na sisi hatushindi nyumbani.

Baada ya hapo, kila nilipotaja mbwa mkubwa nilijibiwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi lazima umkunje wewe. Mbwa wa miaka miwili aliyelelewa vizuri amekwisha kukunjwa na mtu mwingine, na unachonunua ni ile miezi ambayo huna. Wenye shaka kwamba mnyama anaweza kufunzwa na mtu mmoja kisha akamfanyia kazi mtu mwingine huwa nawakumbusha panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapo Morogoro, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini chini ya waongozaji wengine, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika moja la wanyama la Uingereza. Ikiwa panya anaweza kuhama na elimu yake kutoka Morogoro hadi Kambodia, mbwa anaweza kuhama nayo kutoka Mbalizi hadi Uyole. Kilichohitajika kwa panya ni wapokeaji wanaojua lugha aliyofundishwa, na hilo kwa mbwa wetu lilikosekana kwa wiki tano nzima, kama nitakavyoeleza.

Tulitembelea wauzaji wawili. Kwa wa kwanza, ambaye alikuwa na bei ya chini kwa karibu theluthi moja, mbwa walikuwa wanene, wanang'aa, na kila mmoja alitii kwa haraka ya ajabu. Nilianza kumtoa mume wangu kando tuzungumze bei, ndipo muuzaji akainua mkono kujikuna kichwa. Mbwa aliyekuwa mbele yake akalaza masikio, akajikunyata na kujikojolea hapohapo alipokaa. Muuzaji alicheka, akasema huyo ana adabu sana. Tuliaga. Sina elimu ya mbwa, lakini mnyama anayekojoa kwa sababu mtu amejikuna ametii fimbo, na siku nyumba itakapokuwa na mtoto wa miaka sita anayeinua mkono kurusha mpira, sijui hofu ile itageukia wapi. Kwa yeyote anayekwenda kununua, ninashauri aombe kumwona mbwa akifanya kazi, kisha ajifanye anajikuna kichwa.

Muuzaji wa pili, yule wa Mbalizi, alikuwa na kikopo cha maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Aliweka kipande juu ya tofali, hatua moja kutoka puani mwa mbwa, akatamka neno moja, akageuka akaenda kufunga bomba lililokuwa linamwagika upande wa pili wa uwanja. Hakuangalia nyuma. Mate ya yule mbwa yaliteremka kama uzi mpaka yakagusa vumbi, lakini macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa bwana wake, si kwenye nyama. Aliporudi na kumruhusu, mbwa akala kipande kile kwa utulivu. Nilipojaribu kumwita mimi, hakuja. Nikamwita tena, na yule mkufunzi akanizuia kwa upole. "Mama, huyu usimwite mara mbili. Ukimwita mara mbili umemfundisha kwamba ile ya kwanza haina maana." Kwa sentensi hiyo peke yake niliamini kwamba nimefika kwa mtu anayejua kazi yake, na mpaka leo sijabadili mawazo kuhusu ufundi wake. Malalamiko yangu yanahusu yale yaliyofuata baada ya fedha kutoka mfukoni.

Makabidhiano yalifanyika kwa dakika ishirini, palepale uwanjani kwake, tukiwa mimi na mume wangu tu. Tulipewa orodha ya amri kwa mdomo, tukazijaribu mara moja moja yeye akiwa amesimama pembeni, mbwa akatii zote, tukapeana mikono. Sikujua wakati ule kwamba mbwa alikuwa anatii kwa sababu yeye yupo pembeni. Tulimpakia kwenye kirikuu tukamleta Uyole, naye usiku wa kwanza akalala uso ukiwa umeelekea geti, pua chini ya mlango wa bati, na chakula hakukigusa kwa siku mbili. Hilo, nimekuja kujifunza, si ugonjwa wala ubovu: wafugaji wenye uzoefu husema siku tatu za kwanza mbwa aliyehamishwa huwa na hofu, wiki tatu zinampa ratiba ya nyumba, na huhitaji kama miezi mitatu kuona kwamba hapo ndipo kwake. Muuzaji angeliniambia hivyo kwa sentensi moja, nisingelipoteza siku ya mauzo kwenda kumtafuta daktari wa mifugo kwa ajili ya mbwa mzima.

Kisha likaja suala la lugha. Mbwa alifunzwa kwa amri za Kiingereza, jambo la kawaida kwa wakufunzi wengi. Kijana wangu wa kidato cha kwanza, anayejivunia matamshi yake, alitamka amri ya kukaa kwa ufupi na ukavu kama wanavyofundishwa darasani, na mbwa akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Mkufunzi alikuwa akisema "siiti", kwa irabu ndefu ya kwetu, tena kwa sauti nzito. Mimi nilisema "siti" kwa sauti yangu, haikutosha. Mume wangu, mwenye sauti inayokaribia ile, alitiiwa nusu, kwa maana ya kwamba mbwa alikaa kisha akainuka bila kuambiwa. Kwa wiki mbili tulikuwa na mbwa wa shilingi 850,000 anayejua kila kitu na asiyetusikia.

Aliyeutatua mkwamo huo ni binti wa kazi, ambaye hakuna aliyemfundisha kitu, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kumpeleka Mbalizi. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula mchana. Hakupenda kurukiwa akiwa ameshika bakuli, basi alisimama, akaliinua bakuli kifuani, akasema "kaa", akangoja. Hakupiga kelele, hakurudia. Siku ya kwanza alisimama hivyo, kwa maelezo yake mwenyewe, mpaka ugali ukapoa. Siku ya nne mbwa alikaa kabla hajatamka neno. Mwisho wa mwezi mume wangu alikuwa akimwita mbwa, na mbwa, kabla ya kuja, anageuza kichwa kumtazama yule binti jikoni kama anayeomba ruhusa. Tulicheka sana, lakini jambo lenyewe lina uzito: mbwa wa familia yenye shughuli atamsikiliza anayeshinda naye, na huyo mara nyingi siye aliyelipa. Kwenye makabidhiano alipaswa kuwapo yeye kwanza, sisi baadaye.

Bei tuliyolipa ilijumuisha ziara mbili za mkufunzi nyumbani. Ya kwanza ilipatikana wiki ya tano, baada ya simu ambazo nilichoka kuzihesabu. Alipokuja, lazima nikiri, alifanya kazi ambayo kwa maoni yangu ina thamani ya nusu ya fedha yote. Alikaa nasi saa moja na nusu. Alimsimamisha kila mtu wa nyumba peke yake na mbwa, kuanzia mtoto wa miaka sita, akiwa na vipande vya maini mkononi. Alikubali amri zigeuzwe kuwa za Kiswahili, akatuonyesha kutamka ile mpya kwanza na ile ya zamani baada yake, mpaka mbwa azifunganishe, kisha kuiacha ya zamani. Alituandikia maneno saba ukutani kwa chaki ili wote tuseme neno moja kwa jambo moja, kwa sababu nyumbani mmoja alikuwa anasema "acha", mwingine "wacha wewe", mwingine "toka". Baada ya ziara hiyo mambo yalinyooka ndani ya siku kumi. Ziara ya pili haijafanyika mpaka leo, na nimeacha kuidai.

Lipo pia jambo ambalo uwanja wake haukuweza kutuonyesha. Pale Mbalizi mbwa alifunzwa ndani kabisa ya mashamba, mbali na barabara. Sisi tupo karibu na njia panda ya Uyole, ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana na ile ya Tukuyu na Kyela, malori yanapiga breki za upepo usiku kucha, na bodaboda hupita kwenye uchochoro wetu kila dakika. Mbwa aliyetembea na kamba kama bibi harusi kule kwake, hapa alijirusha kwenye pikipiki ya kwanza aliyokutana nayo na kumburuta mume wangu mpaka kwenye mtaro. Ilichukua mwezi na nusu wa matembezi ya asubuhi, tukianzia mbali na barabara na kusogea kidogo kidogo, kumfanya apishane na bodaboda akiwa ametulia. Kama ningenunua tena, ningeomba onyesho lifanyike kando ya barabara ninayokaa, na ningelipia nauli ya mkufunzi bila kinyongo.

Kuhusu afya, hapa ndipo nina neno kali zaidi. Kadi ya chanjo tuliyopewa ilikuwa nakala ya karatasi, tarehe ya kichaa cha mbwa ikiwa imefifia, na mimi kwa haraka yangu niliikunja na kuitia kwenye pochi. Daktari wa mifugo aliyeisoma siku ile ya wasiwasi wangu alinionyesha kwamba chanjo hiyo, inayotakiwa kurudiwa kila mwaka, ilikuwa imepitiliza miezi minne. Muuzaji alipoulizwa alisema alisahau, akaahidi kurudisha gharama, na hakurudisha. Gharama yenyewe si kubwa. Kilichonikasirisha ni kwamba alikuwa anampeleka mbwa huyo kwenye nyumba yenye watoto. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa. Mtu akiumwa, jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha anakwenda hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Mbwa mkubwa huja na historia, na historia hiyo inaonekana kwenye kadi halisi tu, yenye sahihi na mhuri wa daktari. Asiyeweza kuionyesha kadi hiyo asipewe hata malipo ya awali. Na aliyekwisha kununua bila kadi amchanje upya mara moja, kwani kumrudia chanjo mbwa aliyewahi kuchanjwa hakumdhuru.

Gharama za kumtunza hazikunishtua. Ana uzito wa kilo 32, anakula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ugali wa dona uliochanganywa na dagaa au utumbo wa ng'ombe kutoka buchani, na kwa wiki natumia kama shilingi 20,000. Utumbo tunauchemsha hadi uive kabisa, kwa kuwa mbwa anayepewa utumbo mbichi anaweza kupata tegu na kuwarudishia watu nyumbani. Dawa ya minyoo anapewa kila baada ya miezi mitatu. Tulilazimika kumkataza mtoto wa kati kumpa mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hukatika vipande vyenye ncha, na mabaki yenye vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa. Kokwa la parachichi nalo, katika mkoa huu ambao wakati wa msimu maparachichi hulala chini kama mawe, ni hatari ya kumkaba koo, na kila jioni mtu mmoja hupita chini ya mti wetu kuyaokota.

Baridi ninaitaja kwa kifupi kwa sababu wauzaji hawaitaji kabisa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hapa Uyole si usiku wa Dar es Salaam. Chotara wetu ana manyoya mazito, hivyo banda la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini na kujazwa majani makavu ya ngano linamtosha. Anayefikiria mbwa wa manyoya mafupi aongeze gharama ya banda bora, au achague mwingine.

Kwa upande wa watoto na wageni, hapa ndipo mbwa aliyefunzwa alipojipambanua na kurudisha gharama yake. Shemeji yangu ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni jambo la kuoshewa nguo kabla ya sala. Zamani, tulipokuwa na yule mdogo, alikuwa akija anasimama getini na kuagiza salamu. Sasa akibisha hodi, mbwa anabweka mara tatu nne, yule binti anasema "basi", kisha "bandani", naye anaingia bandani na kulala kidevu juu ya kizingiti, mlango ukiwa wazi, mpaka mgeni aondoke. Mzee mmoja wa jirani, Mnyakyusa anayepita kila asubuhi akituamkia "ugonile" kutoka uchochoroni, alibwekewa wiki moja tu. Siku hizi sauti yake ikisikika mbwa hutikisa mkia bila kuinuka. Mwizi hatujamwona, na siwezi kudai kwamba ni kwa sababu ya mbwa, ingawa nyumba ya tatu kutoka kwetu ilivunjwa mwezi Septemba.

Mtoto wa miaka sita simwachi naye peke yake, na sitamwacha. Mafunzo yote tuliyolipia hayamfanyi mbwa kuwa yaya. Mwezi wa pili mtoto alikimbia na kipande cha mkate mkononi, mbwa akamkimbilia, akamwangusha na kuuchukua mkate kwa ulaini ambao haukumwachia hata alama, lakini mtoto alilia, na mimi nililala macho. Tangu hapo sheria ni kwamba mtoto haruhusiwi kula akiwa uani.

Zile dakika arobaini zimetosha, lakini zimetosha zote, hakuna inayobaki. Kumi na tano ni za matembezi ya alfajiri ya kijana wangu mkubwa, kumi za amri zile saba kabla ya chakula cha jioni, na zilizobaki ni za kulisha, kufagia banda na kumkagua kupe masikioni na kati ya vidole. Wiki mbili za mitihani ya shule tuliporuka matembezi, mbwa alianza kuchimba chini ya uzio. Kwa hiyo nyumba ambayo hata dakika hizo hazipo, ambayo mlango unafungwa kwa kufuli asubuhi na kufunguliwa usiku na hakuna anayebaki, nisingeishauri imchukue mbwa wa aina yoyote, mkubwa wala mdogo. Taa ya uani na geti imara vitaifaa zaidi, wala havihitaji chanjo. Nisingewashauri pia wale wanaotaka mbwa wa kufungwa kwenye mnyororo mchana kutwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na zaidi ya sheria, mafunzo uliyoyalipia yatakufa kwenye mnyororo ndani ya miezi michache.

Katika kumi, mbwa mwenyewe ninampa tisa, na moja niliyoipunguza ni ya pikipiki. Ufundi wa mkufunzi naupa nane. Makabidhiano nayapa tatu, na zote tatu ni za ile saa moja na nusu ya wiki ya tano. Kadi ya chanjo naipa sifuri.

Wiki iliyopita yule mzee wa "ugonile" alisimama getini akaniomba namba ya simu ya muuzaji, kwa kuwa wanawe wote wako Dar es Salaam na nyumba imebaki na yeye, mkewe na mjukuu wa kike anayefungua geti. Nilimpa namba. Nikamwambia aende na huyo mjukuu, asilipe mpaka mbwa amsikilize yeye hapo nyumbani kwao, upande wa barabarani, mkufunzi akiwa amesimama mahali asipoonekana.